Fundi wa Nyumba Zenye Majini

Nimekabidhi funguo za karakana wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo mgongo umeamua kuniuma kwa raha zake, utadhani ulikuwa unasubiri ruhusa. Ninyi vijana mliobaki mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Nadhani mlitaka habari za kuunga kenchi na kurekebisha mlango uliovimba kwa mvua. Hizo mtafundishwa na yeyote mwenye mikono na subira. Mimi nitaandika juu ya nyumba zilizofungwa, kwa sababu ndizo zilizokula miaka yangu, na kwa sababu humo kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote wa karakana.

Niliajiriwa useremala katika idara ya majengo pale Bukoba mwaka ule wa Uhuru. Wazungu wengi walikuwa wanafungasha, na nyumba zao zilibaki zimefungwa mpaka apatikane ofisa wa kuhamia. Kazi ya kwanza ya fundi ilikuwa kuzifungua, kukagua paa, mbao na vitasa, kisha kuandika kinachohitajika. Fundi mkuu wetu alikuwa Mzee Sadala, mtu mfupi wa Kashai, mswalihina, mwenye kikohozi cha tumbaku. Asubuhi ya kwanza alinibebesha ngazi na mtaimbo, tukaenda kwenye nyumba moja karibu na ziwa iliyokaa miezi mingi bila mtu. Nilipochomeka tu ufunguo akanipiga kofi mkononi.

"We, unaingia kwa nani?"

"Hamna mtu, mzee."

"Nani kakwambia?"

Akabisha hodi mara tatu, akatoa salamu kwa sauti ya mtu aliyekwenda ukweni, akasogea pembeni ya mlango na kuvuta sigara nzima. Ndipo akafungua. Kundi la popo likatoka juu ya kichwa chake na kupotelea kwenye mikaratusi, yeye hakutikisika hata kope. "Umeona faida ya adabu," akasema, akaingia kupima dari.

Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba majini wapo, wana waume na wake, wema na waovu kama sisi, na wanapenda mahali palipohamwa, magofu, vyoo, na nyumba ambayo haijatajwa jina la Mungu siku nyingi. Mzee Sadala hakuwa na shaka na hilo. Lakini pia alijua kwamba nyumba iliyofungwa ina nyuki, ina popo, ina hewa iliyooza, na kwamba ukibisha na kusubiri kila mmoja wao anapata nafasi ya kujiandaa. Desturi yake moja iliwatosha wote. Nami niliishika vile alivyonipa, bila kuuliza ipi ni dini na ipi ni ufundi.

Jambo jingine alilonifundisha ni la nyoka. Alisema ukimkuta nyoka ndani ya nyumba usimuue palepale, kwa maana huenda si nyoka, huenda ni mmoja wao aliyejivika umbo hilo. Mwambie atoke. Mpe siku tatu. Akibaki baada ya hapo, muue, huna lawama. Akanipa na kisa cha kijana wa zamani aliyemchoma nyoka mkuki ndani ya nyumba yake, na haikujulikana nani alikata roho kwanza. Alinisimulia hayo akiwa anapiga randa, wala hakuinua macho.

Mzee Sadala alipostaafu, urithi wake ukaniangukia. Mafundi wenzangu karibu wote walikuwa Wahaya, Wakatoliki wa kweli, watu wa misa ya kwanza. Mimi babu yangu alitoka Pwani na bibi yangu alikuwa Mhaya wa Kiziba, lakini kwao nilikuwa Mswahili, maana yake Mwislamu, na Mwislamu alihesabiwa kuwa na undugu fulani na majini. Ikitokea nyumba mtu kaikimbia, wanasema, "Mpelekeeni Swedi, anajua lugha yao." Nilikuwa najua kupiga randa. Nilipinga mwaka wa kwanza, mwaka wa pili nikachoka, na kuanzia hapo kila nyumba yenye minong'ono toka Bukoba mpaka mwisho wa Muleba ikawa yangu.

Niwaambie nilichokuwa nakuta. Rubafu kulikuwa na stoo ya shule ambamo mtu asiyeonekana alikuwa anakoroma. Walimu walihamisha vitabu, mmoja akaomba uhamisho. Nilibisha hodi, nikatoa salamu, nikapanda ngazi, nikakuta makinda matatu ya bundi meupe kama pamba, yanakoroma kwa njaa. Niliposhuka na kuwaambia si jini bali ni bundi, waliogopa zaidi. Kisiwani Bumbire nyumba ya mganga ilikuwa inarushiwa mawe kila asubuhi, bati linalia ngwa, ngwa, na nje hakuna mtu. Nililala chini ya mgomba jua limewaka, nikatazama juu. Kunguru walikuwa wanaiba vichwa vya samaki kwenye vichanja vya kukaushia na kuviangusha juu ya bati vipasuke. Mganga alinishukuru, kisha akaniuliza kwa siri kama nina hakika wale ni kunguru wa kawaida.

Hivyo ndivyo nilivyopata jina. Miaka ya kwanza waliniita mjuzi wa majini, baadaye wakaanza kuniita yule fundi anayewaumbua majini, na sifa hii ya pili ilinikaa vizuri zaidi, lazima niseme. Nilikuwa kijana. Nilipenda kushuka kwenye ngazi nikiwa na mzinga wa nyuki au mfupa wa samaki mkononi, watu wazima wakiangua kicheko. Lakini salamu ya mlangoni sikuiacha, ila niliitoa kwa sauti ya chini watu wasisikie. Nilikuwa naamini, na nilikuwa naona haya kuonekana naamini, na mambo haya mawili yakiishi ndani ya mtu mmoja yanamchosha sana.

Ndipo likaja la Buganguzi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Huko kwetu watu walikuwa tayari wamebanana kwenye vibanja vyao vya migomba na mibuni, kwa hiyo vijiji vingine viliundwa kwa kuandikishwa tu. Buganguzi waliamua wapate zahanati. Nyumba iliyokuwepo ni ile ya mnunuzi mmoja wa kahawa, mgeni, aliyeondoka ghafla na kuacha hata vikombe mezani. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, na hakuna aliyekubali kukanyaga baraza yake. Walisema mama mmoja alipita pale akaitwa kwa jina lake, akarudi nyumbani hasemi. Serikali ikaleta dawa, vitanda viwili, na muuguzi mkunga. Wajawazito wakaendelea kujifungulia migombani.

Muuguzi aliitwa Koleta, binti wa Rubafu, hakufika miaka thelathini. Alihamia nyumba ile siku ya kwanza, akaweka msalaba ukutani na kitanda chake katika chumba kilichopakana na stoo. Nilipofika Jumamosi alinipokea barazani, mikono kiunoni, akanisalimu Kihaya.

"Shumalamu, Fundi. Wewe ndiye uliyeletwa kunifukuzia wenzangu?"

"Wapi wanakaa?"

"Sijui, waitu. Nimewakaribisha chai hawaji."

Nilimpenda kwa hilo. Katibu wa kijiji, ambaye yeye hakuwa mtu wa mzaha, alinivuta pembeni. Alisema, "Ndugu Fundi, mwezi uliopita amekufa mama hapo chini, na mtoto tumboni, hatua mia mbili kutoka kwa mkunga mwenye cheti. Kwa sababu ya hizi hadithi. Jumanne nina mkutano wa hadhara. Nataka usimame uwaambie nyumba hii ni safi. Wewe wanakuamini."

Jumapili na Jumatatu asubuhi nilikagua. Mlio uliokuwa unatisha ulikuwa wa bati linalopoa baada ya mvua, na dirisha moja lililokuwa linapiga. Nilipigilia, nikabadilisha misumari, nikapanga mbao zangu na mabaki ya dari ndani ya stoo. Jumatatu alasiri nilirudi stoo kuchukua timazi. Nyuma ya mbao, kwenye kona yenye vumbi la joto, alikuwa amejiviringa nyoka. Mnene kama mkono wangu, mwenye madoa ya rangi ya majani makavu. Hakukimbia. Alinitazama.

Mtaimbo ulikuwa mkononi mwangu. Nataka mlielewe hilo. Ningemaliza kazi kabla hajajinyoosha.

Mke wangu, Zuhura, alikuwa na mimba ya miezi saba kule Bukoba, na kabla yake mbili zilikuwa zimeharibika. Nilisimama pale nikawaza nyumba iliyohamwa, mama aliyeitwa kwa jina lake, nyoka asiyekimbia, na yule kijana wa mkuki. Nikauteremsha mtaimbo. Nikamtolea salamu, nikasema maneno niliyofundishwa, Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi. Nikamwambia nyumba hii imepewa wagonjwa na wazazi, kwamba ninampa siku tatu atoke kwa amani, na baada ya hapo tusilaumiane. Nikatoka, nikaurudishia mlango. Mlango ule haukuwa na komeo, lilikuwa kwenye orodha yangu ya Alhamisi.

Koleta alikuwa nje anaanika mashuka. Akaniuliza, "Umemaliza, Fundi?" Nikasema nimemaliza.

Jumanne nilisimama mbele ya kijiji kizima. Mnawajua watu wa kule, wanasikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa, hujui wameridhika au wamelala. Niliwasimulia kunguru wa Bumbire, wakacheka. Niliwaonyesha msumari uliokuwa unalia kwenye bati, wakacheka zaidi. Kisha Katibu akaniuliza kwa sauti, kama tulivyopatana, "Kwa hiyo Ndugu Fundi, ndani ya nyumba hii kuna kitu chochote?" Nikasema hakuna kitu. Mama wawili wenye mimba walisimama palepale kuandikwa majina. Katibu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri sana.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, nilikuwa juu ya ngazi nafunga mfereji wa maji ya mvua. Mmoja wa wale mama alikuwa amefika kupimwa, na Koleta akaenda stoo kuchukua beseni lililosukumwa nyuma ya mbao. Sikusikia kelele. Nilimsikia akiita, "Fundi, njoo," kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilimkuta amesimama kaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na matone mawili ya damu juu ya kiganja. Nyoka alikuwa palepale alipokuwa. Nilimpiga kwa mtaimbo mpaka mbao zikawa vipande. Siku ya pili ilikuwa haijaisha.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, wanaume wakipokezana, mkono ukivimba tukiutazama. Tulipata lori la kahawa. Njia nzima kichwa chake kilikuwa pajani mwangu, na kila likiruka shimo aliniambia nisijali. Hospitali walimwokoa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa, na kifundo kikakauka, hakikupinda tena. Mkunga ambaye mkono wake wa kazi haufungi wala haufunguki hawezi kupokea mtoto. Walimpa dirisha la kuandika kadi za wagonjwa, akajifunza kuandika kwa kushoto, na nasikia mwandiko wake ulikuwa mbaya mpaka alipostaafu.

Buganguzi ilisema jini limejibu. Limetukanwa hadharani Jumanne, Jumatano likachukua mkono uleule wa mkunga wa kupokelea watoto. Zahanati ilikaa tupu hadi ilipohamishiwa jengo jingine, na wale mama wawili sikuuliza walijifungulia wapi. Katibu hakunilaumu. Alidhani nilitafuta vizuri nikamkosa, alisema nyoka huingia siku yoyote, na mimi nikamwacha aamini hivyo. Zuhura alijifungua salama, mtoto wa kike. Miezi mingi sikuweza kumpakata mwanangu bila kuona ule mkono.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja wa mjini, nikamweleza kisa kama kimempata rafiki yangu. Alinisikiliza, akaniuliza, "Mkia wake ulikuwaje?" Nikasema mfupi, kama kidole gumba. Akatikisa kichwa. Akasema wanavyuoni wamehitilafiana, wako wanaosema onyo la siku tatu lilihusu nyumba za Madina peke yake, na wako wanaosema ni kila nyumba. Lakini mwenye mkia mfupi, akasema, huyo wote wanakubaliana auawe bila kuonywa, kwa sababu anapofusha na kuharibu mimba. "Mwambie rafiki yako alijifunza nusu." Nilimkumbuka Mzee Sadala na randa yake. Sikumlaumu. Huenda na yeye alipewa nusu.

Basi nikabeba hiyo nusu miaka yote iliyobaki. Nilifungua nyumba nyingine nyingi, hapo mjini, Kamachumu, Nshamba. Nilibisha, nikatoa salamu, nikaua kila nyoka niliyemwona, mwenye mkia wowote, kisha nikashindwa kula mchana. Watu wakitaka niseme mbele yao kwamba nyumba ni safi, niliwaambia mimi ni seremala, nimetengeneza milango. Waliona nimekuwa mzee mwenye kiburi. Kila nilipolala niliutazama ule mkia. Laiti ningelijua habari ya mkia. Nilijiambia hivyo kila mara, na kwa kweli ilinipa nafuu kidogo, maana kutojua ni kosa linalosameheka.

Wiki iliyopita nilipanda basi kwenda Rubafu. Nilijua Koleta amestaafu kabla yangu na anaishi kwenye kibanja cha baba yake. Sikuwa na shughuli nyingine duniani ya kuniwekea kisingizio. Nilimkuta uani anamenya ndizi, kaikandamiza kila moja gotini kwa mkono ule mkavu, kisu kiko kushoto. Nywele nyeupe tupu.

"Kaboneka, waitu! Fundi Swedi. Nilidhani umeshakufa."

Alinipa kigoda, akanipa na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama apewavyo mgeni. Kabla sijafungua mdomo akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kila mwaka hunitolea nia ya misa kanisani, hata padre analijua jina langu. "Siku ile nilikusikia, Fundi. Nilikuwa naanika mashuka nje ya dirisha, nikakusikia stoo unasema polepole. Sikuelewa maneno, ila nilijua unaniombea nyumba yangu. Ndiyo maana sikuogopa kuingiza mkono. Na watu walipopiga kelele kwamba jini limenila, nikawaambia bila dua ya Fundi lingenila mzima."

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenipa mlango wazi kabisa, na nilikuwa nimechoka, na basi la kurudi lilikuwa karibu. Lakini nilikuwa nimechoka zaidi na kule kunyamaza. Nikamwambia. Yule nyoka nilimwona Jumatatu. Maneno yale sikumwombea yeye, nilikuwa nasema na nyoka. Nilimpa siku tatu.

Kisu kilisimama.

"Ulimwona Jumatatu."

"Nilimwona."

"Jumanne ukasema hakuna kitu."

"Nikasema."

Nikaanza kueleza. Nilieleza mno. Nilimweleza Mzee Sadala, na Zuhura na mimba zake, na yule kijana wa mkuki, na sheikh, na wanavyuoni wa Madina, na mkia mfupi. Nilimwambia ningelijua habari ya mkia ningemuua palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama wanavyosikiliza watu wa kwetu, kichwa kimeinama.

"Sikuulizi habari za mkia," alisema. "Una dini yako, nami nina yangu. Kama dini yako ilisema apewe siku tatu, basi apewe. Ningelala kwa jirani hizo siku tatu. Ningemwambia yule mama asije. Wala nisingekucheka, Fundi, ungeniambia tu." Akautazama mkono wake, si kwa huzuni, aliutazama kama mtu anayetazama saa. "Yeye ulimwonya. Mimi hukuniambia."

Kahawa ilikuwa chungu mdomoni, nikashindwa kuimeza wala kuitema mbele yake. Aliokota ndizi nyingine, akaibana gotini, akaendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa. Hakunifukuza na hakunikaribisha. Nilipoaga aliitikia vizuri, akanitakia safari njema, lakini hakuinuka kunisindikiza, na nilitembea peke yangu kati ya migomba yake hadi barabarani.